Hotuba juu ya Ibada na Mazishi Wakati wa Maradhi ya Korona

(Ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati ilitutaka tuseme machache juu ya habari ambayo wengi wenu mliiona kwa macho yenu, yaani jinsi parokia zetu zilivyoishi na kusali wakati wa maradhi ya korona. Huenda mtu akauliza, kuna faida gani kuyafukua mambo yaliyokwisha, maana Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ile imekoma. Jibu letu ni hili: dharura imekoma, lakini yapo mambo mawili yaliyofunuliwa na maradhi yale ambayo chama hiki hakijayakatia shauri. La kwanza ni wazee na wagonjwa wanaolala majumbani bila mtu kujua. La pili ni gharama ya mazishi. Hayo ndiyo tutakayoyakazania, na mengine tutayapitia upesi. Ndugu zetu wasio Wakatoliki watuwie radhi tukitumia maneno ya kanisani. Kifo hakiulizi mtu dhehebu lake.

Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa na Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili ya tarehe 22 mwezi huo huo, Serikali ilisimamisha mikusanyiko ya ibada, makanisani na misikitini, na mazishi yakaachiwa jamaa wa karibu tu. Tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Jumatatu ya Juma Kuu, tarehe 6 Aprili, Nairobi na viunga vyake vikafungwa, asiingie mtu wala asitoke pasipo ruhusa. Kwa hiyo Pasaka ya mwaka ule, iliyoangukia tarehe 12 Aprili, ilitukuta kila mtu kwake, mapadre wakisoma Misa mbele ya viti vitupu.

Tulisikia baadhi ya wazee wakisema kwamba jambo la namna hiyo halijapata kutokea tangu Kanisa lianze, na kwamba maaskofu waliiogopa Serikali kuliko Mungu. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini katika hili hatukubaliani nao. Katika mwaka 1576 tauni iliingia mji wa Milano, nchi ya Italia, watu wakafungiwa majumbani. Askofu Mkuu wao, Karolo Boromeo, ambaye leo twamwita Mtakatifu, hakuwaamuru wavunje amri. Aliagiza altare ziwekwe katika njia panda za mji, ili watu waifuate Misa wakiwa madirishani mwao. Na hapa kwetu, mafua makuu ya 1918 yaliingia kwa meli Mombasa, yakapanda bara pamoja na reli. Watoto wa watu walioyaona wangali hai, nao walisimuliwa. Tauni si jambo geni kwa Kanisa. Lililokuwa geni ni sisi wenyewe, kizazi ambacho hakijapata kufungiwa mlango.

Roma nako hawakukaa kimya. Tarehe 20 Machi 2020 ilitoka hati iliyowapa rehema kamili wagonjwa wa korona, wanaowauguza, na wanaowaombea, ikawakumbusha waamini kwamba asiyeweza kumfikia padre aweza kufanya tendo la majuto kamili, akikusudia kwa dhati kwenda kuungama mara apatapo nafasi. Siku tano baadaye yakaja maagizo ya Juma Kuu: Misa bila watu, na kuosha miguu kuachwe Alhamisi Kuu. Jioni ya tarehe 27 Baba Mtakatifu Fransisko alisimama katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, mbele ya msalaba ule ule ambao watu wa Roma waliuzungusha mjini mwao wakati wa tauni ya 1522. Waliouona mfano huo katika televisheni hawakuwa na neno la kuongeza.

Sasa tuje nyumbani. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, waliazimia kwamba msingi wa parokia uwe Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani nyumba chache za majirani wanaosali pamoja na kujuana. Wengi wetu tulilichukua azimio hilo kama desturi tu ya kukutana mara moja kwa juma na kutoa mchango. Mwaka 2020 ndio ulioonyesha jumuiya ipi ni jumuiya na ipi ni jina tu. Mwanzoni hata mikutano ya jumuiya ilikatazwa, ibada ikashuka hadi nyumba moja moja. Radio Waumini iliwashwa asubuhi, baba akakaa mahali pa katekista. Si siri kwamba akina baba wengi walitambua ndipo kwamba Rozari waijua nusu, na kwamba mama ndiye aliyekuwa akiibeba siku zote.

Habari za fedha tuziseme kwa ufupi. Sadaka ilikauka. Sisi tunaoshika kalamu katika ofisi za parokia twajua kwamba mshahara wa katekista na wa mlinzi wa usiku hutoka katika kikapu cha Jumapili. Watu waliombwa wapeleke sadaka kwa nambari ya M-Pesa, na walioitika hawakuwa aghalabu wale wenye magari. Mama muuza mboga alituma shilingi hamsini kila Jumapili, hata ile aliyokuwa hajauza kitu.

Tarehe 6 Julai 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba nyumba za ibada zaweza kufunguliwa kwa awamu, kwa kufuata mwongozo wa Baraza la dini mbalimbali lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri. Masharti yalikuwa haya: watu wasizidi mia moja, ibada isizidi saa moja, na wasiingie watoto walio chini ya miaka 13 wala watu waliopita miaka 58. Mlangoni paliwekwa ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, kipima joto, na daftari la majina. Maji ya baraka yaliondolewa, amani tulipeana kwa kuinamisha kichwa, na Komunyo ilipokewa mkononi.

Sharti lile la miaka 58 lilikuwa na sababu ya afya, nasi hatulaumu aliyeliandika, kwa maana maradhi yale yaliwaua wazee kuliko vijana. Lakini ninyi Wazee mwajua lilivyouma. Wenyeviti wa parokia, viongozi wa jumuiya, na akina mama wenye kufagia altare, wengi wao walikuwa wamevuka umri huo. Tulimwona mzee mmoja akionyesha kitambulisho chake langoni kwa kijana wa miaka ishirini. Kijana akamwambia, kwa adabu, “Mzee, tusamehe, ni amri.” Mzee akamjibu, “Mjukuu wangu, matofali ya ukuta huo niliyafyatua mimi.” Akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba akilielekea kanisa, akarudi kwake. Hakugombana na mtu.

Baadaye masharti yalilegezwa, yakakazwa tena. Tarehe 26 Machi 2021, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi, kaunti tano za Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zilifungiwa, na ibada za makanisani humo zikasimama kwa Pasaka ya pili. Ruhusa ilirudi mwezi wa Mei, kwa theluthi moja ya nafasi. Amri ya usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na mwezi wa Machi 2022 makanisa yakaruhusiwa kujaa. Waliofariki kwa korona katika nchi yetu, kwa hesabu ya Serikali, walizidi 5,600.

Hapo ndipo penye jambo letu la kwanza. Milango ilipofunguliwa wazi, wengi walirudi. Baadhi ya wazee hawakurudi. Wengine walikuwa wamekufa, wengine miguu ilikuwa imekwisha nguvu, na wengine walizoea redio. Ofisi ya parokia haikuwa na njia ya kujua nani ni yupi. Misa ya redioni ni msaada mkubwa kwa asiyeweza kutoka, lakini redio haimpi mtu Komunyo, wala haimpaki mafuta matakatifu, wala haiulizi kama amekula.

Tuliona tofauti kwa macho. Ilikuwapo jumuiya ambayo katibu wake, mama asiye na elimu kubwa, aliandika katika daftari la shule jina la kila mzee na kila mgonjwa wa mtaa wake, na nambari ya simu ya jirani wa karibu. Katika jumuiya hiyo padre aliitwa kwa wakati, akavaa barakoa, akasimama kwenye kizingiti, akatoa Mpako Mtakatifu kama alivyoelekezwa na askofu wake. Jirani nao walipeleka unga na makaa. Jumuiya ya pili yake, iliyotengwa na ya kwanza kwa barabara moja tu, haikuwa na daftari. Huko tulipata habari za wagonjwa siku tulipoombwa kuandika cheti cha mazishi. Padre alikuwa yule yule, na amri za Serikali zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa daftari la shilingi thelathini.

Jambo la pili ni mazishi, na hapa twajua tunagusa penye kidonda. Katika miezi ya kwanza watu kumi na watano tu waliruhusiwa kaburini. Mwezi Aprili 2020 nchi nzima iliona picha za mwili ukizikwa usiku wa manane katika Siaya na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, na kila mwenye utu alihuzunika. Wanachama wa chama hiki waliofiwa mjini walihangaika kutafuta ruhusa ya kupeleka maiti nyumbani, na wengine waliwazika wazazi wao kwa kutazama katika simu. Hakuna atakayetuambia kwamba hayo yalikuwa mema. Chama chetu kilianzishwa ili mtu asizikwe kama asiye na ndugu, nacho kilizuiwa kufanya kazi yake.

Hata hivyo, Wazee wetu, lisemwe na la upande wa pili. Familia zilizozika kwa watu kumi na watano zilimaliza matanga bila deni. Hapakuwa na hema la kukodi, wala ng'ombe watatu, wala magari ya kufuatana, wala sanduku la bei ya kiwanja. Mjane alibaki na karo ya watoto. Leo tumerudia yale ya zamani, na kwa maoni yetu tumeyazidisha, kana kwamba tunalipia na zile siku tulizozuiwa. Kanisa halidai hayo. Linadai sala, padre au katekista, na kaburi lenye heshima. Watu kuja kwa wingi ni faraja, na faraja hiyo tunaitaka irudi yote. Aliyezika peke yake mwaka 2020 atawaambia uzito wake. Lakini kuja kumlilia mtu ni jambo moja, na kula mali ya yatima wake ni jambo lingine. Tumesikia wakisema kwamba kuzika kwa kiasi ni kumdharau marehemu. Basi wale waliozikwa na watu kumi na watano walidharauliwa na nani? Watoto wao waliwapenda pungufu?

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunaleta mbele ya mkutano huu hoja yenye sehemu mbili. Kila tawi la chama lichague mtu mmoja atakayeshirikiana na makatibu wa jumuiya, na makanisa mengine na misikiti ya mtaa wake, kuweka daftari la wazee na wagonjwa, na kulisahihisha kila mwezi. Nauli ya padre, mchungaji, shehe au muuguzi anayekwenda kuwaona itoke katika mfuko wa chama. Na ili mfuko huo uweze, sehemu ya kumi ya akiba ya mazishi itengwe kwa ajili ya walio hai, na mchango wa chama katika kila mazishi ulipe sanduku, usafiri wa maiti na chakula cha siku ya maziko tu. Familia ikitaka zaidi, itumie mali yake yenyewe.

Twajua sehemu ya pili itapingwa. Mweka Hazina ametuambia waziwazi kwamba yeye ataipinga, nasi tumemshukuru kwa kusema mapema. Tunaomba tu kwamba kabla ya kura kupigwa, kila tawi lisome majina ya wanachama wake waliofariki tangu Machi 2020 hadi mwisho wa 2021, na mbele ya kila jina iandikwe kama alitembelewa kabla ya kufa, au hakutembelewa. Majina hayo tumeyaweka mezani kwa Katibu, na nafasi ya kuandika imeachwa wazi.