Kwaya ni ya Waumini Wote
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika sherehe ya Jubilei ya Miaka 25



 Karibuni Kesses, na mliotoka mbali poleni kwa safari na kwa baridi yetu.

Miaka 25 si kidogo. Wapo kati yetu walioanza kuimba wakiwa vijana, na leo wajukuu wao wako PMC. Tunawakumbuka pia wanakwaya waliotangulia mbele ya haki. Mungu awape pumziko la milele.

Kuimba hapa Kesses kuna majira yake. Mwezi wa Machi na Aprili mvua inapoanza, mahindi yanataka kupandwa na Pasaka inataka nyimbo mpya. Mwanakwaya hutoka shambani akaja mazoezini na udongo ungali kwenye buti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi hutuletea teno na besi nzuri, lakini chuo kikifungwa sauti hizo huondoka, na wakihitimu tunawaaga kabisa. Kila mwaka tunaanza kufundishana upya. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna Jumapili iliyokosa wimbo.

Siku ya leo tungependa kusema juu ya jambo moja tu: kwaya ni ya nani, na inaimba kwa ajili ya nani?

Wazee wetu wanakumbuka Misa ya Kilatini. Wengi waliifuata kimya, rozari mkononi. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya kwanza, Sacrosanctum Concilium, kuhusu Liturujia. Hati hiyo ilizifungulia lugha zetu mlango, na ikataka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Waafrika walikuwa wameanza kuandaa njia. Mwaka 1958 huko Kamina nchini Kongo, Padre Guido Haazen na waimbaji wake walitoa Missa Luba, Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mahadhi na ngoma za Kongo. Mwaka uleule wa 1963, Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kayamba na ngoma tunazopiga leo mbele ya altare hazikuingia kanisani zenyewe. Kuna watu walizifanyia kazi.

Hata sura ya kwaya yenyewe imebadilika. Hati ya Papa Pius X ya mwaka 1903 kuhusu muziki mtakatifu haikuwaruhusu wanawake kuimba katika kwaya ya liturujia. Hati ya Musicam Sacram ya tarehe 5 Machi 1967 ilitaja wazi kwaya ya wanaume na wanawake pamoja. Soprano na alto, mjue mmepokea zawadi.

Lakini hati hizo mbili za baada ya 1960 zinasema jambo jingine ambalo kwaya nyingi hulisoma haraka. Zinataka kwaya zikuzwe, na papo hapo zinataka waumini wote waimbe sehemu yao. Kwaya kubeba nyimbo zote za Misa huku waumini wakinyamaza kabisa, Musicam Sacram haiungi mkono. Kwa hiyo kipimo cha kwaya si idadi ya noti ngumu tunazoziweza. Kipimo ni kama mama aliyekaa benchi la nyuma anaimba.

Jambo hili tulilionja mwaka 2020. Makanisa yalifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Yalipofunguliwa tena Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Akina kogo wanaoimba nyimbo za Kikalenjin bila kushika kitabu hawakuwapo. Watoto wanaopiga makofi hata pasipotakiwa hawakuwapo. Noti ziliimbwa sawasawa, lakini kanisa lilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Hapo tukajua sauti ya tano katika kwaya yetu ni ya nani.

Sasa tuje kwa fedha za jubilei. Wanakwaya tulikaa vikao vitatu kulijadili. Wenzetu wengine walitaka turekodi albamu na video. Hoja yao ina uzito: wimbo uliorekodiwa humfikia mgonjwa kitandani, humfikia mtoto wetu aliye kazini Saudia au Qatar, na kijana akiona kwaya kwenye simu huvutwa kuja mazoezini. Wengine walisema: kuna kigango kisicho na ngoma wala vitabu, na Jumapili padre asipofika, katekista huanzisha wimbo peke yake na kuumaliza karibu peke yake.

Hatukukubaliana upesi. Mwishowe tuliafikiana hivi. Fedha za kwanza ziende vigangoni: vitabu vya nyimbo, ngoma, kayamba, na nauli ya wanakwaya wawili wawili watakaokaa na kigango kimoja kwa Jumapili nne mfululizo, wakifundisha. Albamu itafuata, na tutarekodi nyimbo ambazo waumini wa parokia nzima watakuwa tayari wanaziimba.

Uamuzi huu una gharama, na ni vyema muisikie leo. Jumapili nyingine mtaona kwaya ya hapa parokiani imepungua. Mpiga kinanda mliyemzoea huenda akawa kigangoni. Msiseme kwaya imekufa. Siku hiyo itikieni kwa nguvu zaidi.

Hapa parokiani pia tutafundisha wimbo mpya dakika kumi kabla ya Misa, mstari kwa mstari, kama tulio walimu tunavyofundisha darasa la kwanza: mwalimu anaimba, watoto wanarudia. Itikio la Zaburi, Mtakatifu na Baba Yetu zitakuwa katika sauti ambayo kila mtu anaishika. Wimbo mrefu wenye sauti nne utapata nafasi yake wakati wa sadaka au shukrani baada ya Komunyo. Na mazishi ya asiye na kitu yataimbiwa sawa na harusi ya mwenye gari.

Tuna maombi machache. Wazazi, wapeni watoto ruhusa ya mazoezi ya Jumamosi. Wanafunzi wa chuo, kabla hujahitimu mwachie kijana mmoja wa hapa kijijini sauti yako na solfa yako. Waumini, njoo kanisani dakika hizo kumi mapema. Na yule anayesema kila mwaka kwamba hana sauti, sisi tunamjua: ndiye anayeita ng'ombe wake kutoka ng'ambo ya bwawa na wanageuka. Sauti anayo.

Tunawashukuru mapadre wote waliotulea, walimu wa kwaya waliotufundisha bila malipo, na familia zetu zilizokula chakula kikiwa kimepoa kwa sababu ya mazoezi. Wanakwaya wawili wa kwanza wataondoka Jumapili ijayo kwenda kigangoni. Tutawaomba wasimame mbele sasa, Baba Paroko awabariki, kisha tuimbe sote.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, Amina.