Kisu cha Mhunzi na Kisu cha Kiwandani: Mada kwa Wahunzi wa Mpanda



Mteja sokoni Mpanda akipewa kisu cha dukani na cha mhunzi, huuliza bei kwanza. Leo naomba bei tuiweke kando, tuzungumzie joto, kwa sababu hapo ndipo visu hivi vinapoachana.

Kiwandani mabapa hukatwa kwa mashine kutoka kwenye chuma ambacho michanganyiko yake inajulikana. Kisu kisichoshika kutu, kwa mfano, huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Mabapa huingia tanuru lenye kipimo cha joto, nayo hutoka yakilingana. Ukinunua leo na ukinunua mwakani, utapata makali yaleyale. Sisi tunaoipenda kazi ya mkono tusilibeze jambo hilo.

Mhunzi wetu huanza na springi ya gari, na hajakosea: chuma hicho kina kaboni ya kama asilimia 0.6, kinashika makali na hakivunjiki ovyo. Akishakipasha kwa mkaa na mvukuto, akakifua juu ya fuawe na kukipiga tupa, hana cha kumwogopa mwenye kiwanda. Tunapoangukia ni kwenye kutia maji. Joto linakadiriwa kwa macho, juani, kisha bapa linazamishwa kwenye ndoo ya maji baridi. Lingine hupasuka papo hapo, lingine hujikunja makali likigusa mfupa.

Fanyeni kazi hiyo kivulini, wekundu wa chuma uonekane. Sogezeni sumaku: chuma kikifika nyuzi joto 770 hivi, sumaku haikishiki tena. Kiongezeeni moto kidogo, kisha kizamisheni kwenye mafuta, ndani ya chombo cha chuma. Kikipoa, kisugueni king'ae, mkirudishe kwenye moto mdogo mpaka uso uwe na rangi ya majani makavu. Wepesi wa kuvunjika utapungua, makali yatabaki.

Elimu ya joto si ngeni huku. Kabla mkoa wetu wa Katavi haujamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, tulikuwa mkoa mmoja na Ufipa, ambako wazee waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mvukuto. Chuma cha kununua kilipoenea, malungu yalizimika; ufuaji ukaendelea kwa vyuma chakavu.

Tukirudi kwenye visu vyetu, kiwanda hakimjui mrina asali wa Inyonga. Huyu anataka bapa refu, jembamba, lifike ndani ya mzinga wa gome na kukata sega bila kuliponda. Mhunzi anaweza kumpa kipande cha mninga akishike, akachora alama za vidole vyake, akachonga mpini kwa kiganja hicho hicho. Mwenye bucha atataka kingine kabisa. Ustadi huu ndio wa kuuza, lakini hauna thamani juu ya bapa lililokosewa joto.

Kwa hiyo napendekeza, kwa kushirikiana na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), kila karakana ifanye jaribio. Kateni kipande cha springi mnayoitumia, kipasheni moto na kukizamisha kwenye mafuta kama nilivyoeleza, kisha kabla ya kukirudisha motoni kifungeni kitambaa, mkivunje kwa nyundo. Chembe zikimetameta kama sukari, joto lilizidi; zikiwa laini na za kijivu, lilikuwa sawa. Mhunzi atakayefaulu apige nembo yake karibu na mpini, mteja ajue arudi kwa nani.