Mama, Damu Hiyo Usiinyamazie

Akina mama wa vikundi vyetu vya Kiirua, leo tuongee jambo ambalo huwa tunanong'onezana tu tukivuna viazi.

Mama akifika miaka 45 hadi 55 hivi, hedhi hubadilika kabla ya kukoma. Mwezi huu inachelewa, mwezi ujao inakuja mapema. Hiyo peke yake si ugonjwa. Hata mimi niko njiani.

Lakini si kila damu ni ya umri. Nenda hospitali ukiona dalili hizi:

1. Damu inatoka zaidi ya siku 7, au inarudi kabla ya siku 21.
2. Inatoka baada ya kukutana na mume.
3. Inatoka tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata kama ni tone moja.

Ikilowesha pedi au kitambaa kila saa, au ukisikia kizunguzungu, nenda siku hiyo hiyo.

Wengine husema, "Ujana umenirudia," wanacheka. Ujana haurudi hivyo, mama. Yaweza kuwa uvimbe tu, lakini yaweza pia kuwa saratani ya mlango wa uzazi, nayo ikigunduliwa mapema hutibika.

Hospitali ya misheni ya St. Theresa iko hapa hapa. Andika tarehe za damu kwenye kalenda, uende nayo kwa daktari.

Vikundi vyetu huchangia matanga upesi sana. Basi tuchange kwanza nauli na pesa za kupimwa, mama angali hai.