MKANDA WA JESHI: UGONJWA ULIOLALA UNAPOAMKA



Leo tunataka kuzungumza juu ya mkanda wa jeshi. Mtu huanza kwa kusikia maumivu ya kuchoma upande mmoja wa mwili, pengine mgongoni, kifuani au usoni. Baada ya siku chache hutokea malengelenge yaliyojipanga kama mkanda. Usiku halali. Hata shati likimgusa, anaumia.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja atasema karogwa. Mwingine atasema kakojolewa na buibui. Wa tatu atanong'ona kuwa ana UKIMWI. Na wakati maneno yanaendelea, siku za kupata dawa zinapita. Ndiyo maana tumeona ni vizuri tuufahamu ugonjwa huu.

UNATOKA WAPI?

Mkanda wa jeshi unatoka ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Sote tunaijua tetekuwanga. Mtoto hupata homa na malengelenge mwili mzima, hujikuna, na baada ya wiki moja au mbili anapona. Tunasema yamekwisha. Kumbe hayajakwisha.

Tetekuwanga huletwa na kirusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno, havionekani hata kwa darubini ya zahanati. Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli, yaani vile vyumba vidogo vidogo vinavyoujenga mwili wetu. Mtoto anapopona, kinga ya mwili huwa imevishinda virusi vya kwenye ngozi. Lakini vingine vimekwisha kukimbilia kwenye mishipa ya fahamu, vikajificha kwenye mashina ya mishipa hiyo, kando ya uti wa mgongo. Humo vinalala miaka mingi. Havizaliani, na kinga haiwezi kuvitoa.

Tuchukue mfano. Jioni mama anafukia kaa la moto ndani ya majivu. Ukitazama, utasema moto umezimika. Asubuhi akifukua na kupuliza, unawaka. Kirusi ni lile kaa, na kinga ya mwili ni yale majivu. Kinga hupungua kwa uzee, hasa baada ya miaka 50. Hupungua pia kwa maradhi kama kansa au VVU. Hapo kirusi huamka, huzaliana, na kuufuata mshipa mpaka kwenye ngozi. Kila mshipa una eneo lake, kulia au kushoto. Ndiyo sababu malengelenge hukaa upande mmoja. Basi wale wanaosema ati mkanda ukizunguka na kukutana mtu hufa, wanatutisha bure.

DAFTARI LA DAKTARI

Jambo hili lilijulikanaje? Huko Uingereza, katika mji mdogo wa Cirencester, alikuwepo daktari mmoja, Edgar Hope-Simpson. Kwa miaka 16 aliandika habari za wagonjwa wake wa mkanda wa jeshi. Walifika 192. Alipozisoma habari hizo aliona kuwa ugonjwa huu hauji kwa misimu, na huzidi kadiri watu wanavyozeeka. Mwaka 1965 alieleza kuwa ni kirusi cha tetekuwanga kilichokuwa kimelala. Baadaye wataalamu walikikuta kirusi hicho katika mashina ya mishipa ya fahamu. Tazameni kazi ya kalamu na daftari!

TUFANYE NINI?

Kwanza, twende zahanati kabla siku 3 hazijapita tangu malengelenge yatokee. Ipo dawa iitwayo asikilovia. Haiwezi kuviondoa virusi vilivyolala, lakini huvizuia vilivyoamka visizaliane. Malengelenge yakitokea karibu na jicho au puani, twende siku hiyo hiyo. Jicho linaweza kupofuka.

Pili, tusipake maji ya betri, mafuta ya taa wala kinyesi cha mnyama. Tuoshe kwa maji safi na sabuni, tukaushe, tufunike kwa kitambaa safi.

Tatu, majimaji ya malengelenge yana virusi. Mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga akiyagusa anaweza kupata tetekuwanga. Kwa hiyo wajawazito na watoto wachanga wasimkaribie mgonjwa mpaka vidonda vikauke.

Nne, tusihukumu. Si kila mwenye mkanda wa jeshi ana VVU. Wazee wengi huupata bila VVU. Lakini mgonjwa, hasa akiwa kijana, ni vizuri apime. Akikutwa navyo, ataanza dawa na kinga yake itapata nguvu.

Tano, wengine hubaki na maumivu miezi mingi baada ya vidonda kupona. Si uchawi. Ni mshipa ulioumizwa. Warudi zahanati wapewe dawa ya maumivu, wasiuze mbuzi kwa ajili ya kupigiwa ramli.

Ndugu zetu, tukisikia jirani kashikwa na mkanda wa jeshi, tusiulize nani kamroga. Tuulize: malengelenge yalitokea lini? Tuhesabu siku, kisha tumsindikize zahanati.