Shingo Inayojipinda Yenyewe

Tumewaona watu ambao shingo inavutwa upande bila wao kutaka, na majirani wanasema wamerogwa. Sivyo. Ni misuli inayokaza kwa sababu ubongo unaituma vibaya. Daktari anaweza kuandika dayazepamu, ile wengi huita Valium. Inalegeza misuli, lakini haiondoi ugonjwa, tena inaleta usingizi: pombe usiguse hata tone. Shida tunayoiogopa ni hii: mama akipata nafuu anamgawia jirani vidonge, ama baada ya miezi anaviacha ghafla, halafu anaanguka kama mwenye kifafa. Hupunguzwa polepole, na daktari. Na shingo ikipinda ghafla baada ya kuanza dawa ya kuzuia kutapika ama ya akili, rudi hospitali siku hiyo hiyo, pakiti ya dawa mkononi.