Kukata Vito kwa Mkono: Mazungumzo na Wachimbaji wa Taita Taveta
Tsavoraiti, iliyopewa jina la Tsavo mwaka 1974, ikiuzwa ghafi, bei huitaja mnunuzi. Anayejua kukata hujua anachouza.

Kwanza jiwe hutazamwa dhidi ya mwanga, nyufa zionekane. Kisha hubandikwa kwa lakiri kwenye ncha ya kijiti. Ncha nyingine huegemezwa katika ubao wenye mashimo, kando ya diski inayozunguka. Kila shimo hutoa pembe yake. Fundi husaga, huinua, hutazama, husaga tena.

Kung'arisha hutumia diski nyingine, yenye unga laini wa almasi. Hapa ndipo wengi huponzwa na haraka: chembe moja ya unga mkali ikisalia, hukwaruza uso, na kuuondoa mkwaruzo hupunguza uzito. Nawa mikono kwanza, hata kucha.