Maji Yanayookoa na Walinzi Wanaozubaa

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita nilikuwa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, penye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mzee mmoja aliyewahi kunisikia nikizungumzia figo akaniuliza: "Mwanangu, ulisema wapo watu wanaosafishwa damu kwa kutiwa maji tumboni. Mbona nasikia maji hayo hayo humfungulia mtu ugonjwa mwingine?" Niliona haya, maana jibu sikuwa nalo. Nimelitafuta, na leo namjibu mzee wangu.

Figo zikishindwa kazi, uchafu hubaki katika damu. Mashine huweza kuuondoa. Lakini ipo njia isiyohitaji mashine wala umeme: mrija mwembamba hupitishwa kwenye tumbo, maji maalumu yanaingizwa, yanakaa saa kadhaa yakivuta uchafu kupitia utando wa tumbo, kisha yanamwagwa. Mwaka 2009 Hospitali ya KCMC, Moshi, ilianza kuitumia kwa wagonjwa ambao figo zao zimesimama ghafla. Malaria kali, kuhara, na kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, mambo tusiyohitaji kusimuliwa sisi wa Tabora, huweza kuzisimamisha. Zikipata msaada mapema, nyingi huamka tena.

Sasa swali la mzee. Tumboni mna chembe nyeupe, walinzi wanaomeza vijidudu. Maji ya kawaida ya tiba hii yana sukari nyingi, ambayo huvuta maji ya ziada mwilini. Ili sukari hiyo isiungue maji yanapopashwa moto kiwandani kuua vijidudu, maji hufanywa kuwa machachu kuliko damu. Hata hivyo sehemu ya sukari huvunjika na kuacha masalia yenye sumu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wameona katika maabara kwamba chembe nyeupe zikitiwa katika maji hayo huzubaa: humeza vijidudu vichache, na huita wenzao kwa unyonge. Isitoshe, kila maji yanapomwagwa, baadhi ya walinzi hutoka nayo, na waliobaki huwatafuta adui ndani ya lita 2 za maji.

Tusikuze jambo. Mwili hupunguza uchachu huo katika muda wa nusu saa hivi. Yapo pia maji mapya, katika mfuko wenye vyumba viwili vinavyochanganywa wakati wa kutumia, yasiyo machachu na yenye masalia machache. Hayo humsaidia mgonjwa aendelee kupata mkojo wake kwa muda mrefu zaidi. Lakini kama hupunguza maambukizi ya tumbo, tafiti hazijakubaliana.

Basi tusingojee mfuko mpya. Mgonjwa wa kudumu hubadilisha maji mara 4 kwa siku, yaani lita 8. Kwa mwezi ni kilo 240. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia ya Bagamoyo walibeba kilo 30 hivi kila mmoja. Huo ni mzigo wa wapagazi wanane! Na mzigo wote huo huharibiwa na kidole kimoja kichafu kikigusa ncha ya mrija.

Mzee wangu, maji hayo ni dawa. Ila yanapoingia, walinzi wa ndani wamezubaa. Mlinzi wa nje ni sabuni. Auguzaye na anawe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.